Rula ya Marehemu

Watu walimwita Msasa, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Ukimsalimia asubuhi alikujibu kama vile umemkanyaga. Ukimsifia kabati alilotengeneza alikuuliza unataka nini. Alikuwa seremala wa miaka mingi, mrefu, mkavu, mwenye ugomvi na kila chenye pumzi na vichache visivyo nayo. Alizilaumu mbao kwamba siku hizi zinauzwa mbichi, gundi kwamba inachanganywa na maji, na mvua kwamba inanyesha makusudi akishatoa kazi nje. Lakini ugomvi wake mkubwa, ule aliolala nao na kuamka nao, ulikuwa na mdogo wake wa tumbo moja. Na huyo mdogo alikuwa papo hapo, nyuma ya ukuta wa mabanzi.

Karakana ilikuwa ya baba yao. Marehemu alipofariki waliikata katikati kwa mabanzi yaliyopigiliwa kwa hasira kiasi kwamba mengine yalipasuka yakiwa bado mikononi. Mlango wa mbele tu ndio haukugawanyika, maana hakuna aliyekubali mwenzake abaki na mlango na yeye akatoboe mwingine. Basi kila asubuhi kaka na mdogo wake waliingia kwa mlango mmoja, midomo imefungwa, Msasa akageukia kushoto na mdogo wake kulia. Wateja wageni walidhani ni wapangaji wawili wasiojuana.

Chanzo cha ugomvi kilikuwa milango ya zahanati. Marehemu alikuwa bado hai, mgonjwa, na vijana wake walikuwa wameachiwa kazi kubwa ya kwanza. Mdogo alipiga randa mbao, Msasa akazikagua kwa rula ndefu ya chuma ya baba yao. Rula hiyo ndiyo iliyokuwa hakimu wa nyumba. Ukiiweka kwenye ukingo wa ubao na usione mwanga chini yake, ubao umenyooka. Ukiona mwanga, rudia. Msasa alimrudisha mdogo wake kwenye benchi siku kutwa, mwanga ule, mwanga huu, mpaka rula ikaridhika. Wakaunganisha mbao kwa gundi, wakakaza, wakapeleka milango. Haikupita muda milango ikaachia, nyufa juu na nyufa chini, ikarudishwa juu ya mkokoteni mtaa mzima ukitazama. Msasa akasimama mbele ya wateja na kusema kwamba mdogo wake ana mkono wa kombo. Mdogo akafungua mdomo kujitetea, na kabla sentensi haijafika mwisho akazabwa kibao.

Kibao hicho hakikuwahi kupoa. Siku ya kugawana vifaa vya marehemu Msasa alikuja amejiandaa kwa vita juu ya rula. Yeye ndiye mkubwa, rula ni yake, na atakayebisha atamwona. Mdogo alisema neno moja tu, "Chukua." Msasa aliondoka nayo kifua mbele. Aliitundika juu ya misumari miwili, akaifunika kwa kipande cha shuka, na hata nzi akitua juu yake alitazamwa vibaya.

Sasa, Msasa alikuwa na binti. Alimfundisha kazi tangu akiwa mdogo, na kwa kweli hakuwa na mtu mwingine wa kumfundisha, kwa sababu wanagenzi wote waliomjia walikimbia kabla ya kujua kushika nyundo. Binti alikuwa mtu mzima sasa, fundi kamili, mwenye mikono myepesi na ulimi usiolala njaa. Hilo la ulimi hakulitoa mbali. Ila kwa miaka yote hiyo kazi yake kubwa haikuwa kutengeneza samani. Kazi yake ilikuwa kuficha nyufa. Kila meza, kila mlango, kila kichwa cha kitanda kilichotoka mikononi mwa baba yake kilikuwa na mwanya huku mwisho na huku mwisho, na yeye alikuwa akichanganya unga wa mbao na gundi, akiziba, akisugua, akiziba tena. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa gundi hata siku ambazo hakufanya kazi.

Upande wa pili wa mabanzi viungo vya baba yake mdogo vilifunga kama midomo ya mtu aliyenuna. Binti alikuwa akiviona vikipita mlangoni. Msasa naye alikuwa akiviona, na alikuwa na maelezo yake: yule anapata mbao kavu kwa njia za panya.

Siku moja binti aliweka chini kopo la gundi. "Baba, nimechoka kuziba."

"Kuziba ni kazi."

"Ni kazi ya mtu aliyeharibu. Baba mdogo amesema benchi lake lina nafasi."

Msasa aliyageukia mabanzi. "Amesema lini?"

"Muda mrefu. Sikukuambia kwa sababu sikutaka kwenda. Sasa nataka. Lakini nakupa njia moja. Tununue mashine ya randa, hata kuukuu. Mashine haina mkono wa kombo. Ikinyoosha mbao, nabaki. Isiponyoosha, nageukia kulia kama mwenzio."

Alikubali kama mtu anayemeza dawa chungu, kwa kukunja uso na kulaumu aliyeitengeneza. Hakusema kwamba aliogopa. Lakini aliogopa, na sana. Kubaki peke yake upande ule, akisikia binti yake akicheka na yule mtu nyuma ya mabanzi, hilo lingemmaliza.

Mashine waliipata kwa muuza vyuma chakavu, ikiwa imetoka kwenye chuo cha ufundi kilichofungwa. Ilikuwa ya chuma kizito cha zamani, yenye meza mbili ndefu, moja ya kuingizia ubao na nyingine ya kuutolea, na katikati yake silinda yenye visu. Meza zilikuwa nyekundu kwa kutu. Ndani ya mota nyigu walikuwa wamejenga na hawakuwa tayari kuhama. Mahali pa mkanda mtu fulani alikuwa amefunga kamba ya katani, na Msasa alimtukana mtu huyo asiyemjua tangu kwa muuzaji mpaka karakana.

Waliifungua yote. Kutu waliilainisha kwa mafuta ya taa na kuisugua mpaka chuma kikaanza kung'aa kijivu. Beringi za silinda zilikuwa zikikoroma kama mzee usingizini. Wakazing'oa kwa kugonga polepole na kipande cha mti mgumu, wakatia mpya zenye grisi. Fundi umeme alikuja kufunga nyaya mpya, akaumwa na nyigu aliyesalia, akaenda zake akinung'unika. Visu walivinoa na kuvipanga kwenye silinda. Hapo binti alionyesha ujuzi: aliweka kijiti juu ya meza ya kutolea, akazungusha silinda kwa mkono, na kila kisu kilipopita kilikisogeza kijiti kidogo. Alilegeza na kukaza mpaka visu vyote vikawa vinakisogeza sawasawa. Msasa alitazama akitafuta kosa, akakosa, akasema meza ina vumbi.

Kisha ikafika zamu ya kulinganisha meza. Meza hizo mbili lazima ziwe kama meza moja iliyokatwa katikati, ama sivyo ubao unatoka umepinda. Kwa kazi hiyo unahitaji kitu kimoja kilichonyooka kweli. Msasa alinawa mikono. Alifunua shuka, akaishusha rula ya marehemu, akailaza juu ya meza zote mbili na kuinama kutazama mwanga.

"Umeona?" alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyekamata mwizi. "Imezama katikati. Nilijua wametuuzia gogo."

Aliweka vipande vya bati chini ya meza, upande unaopakana na silinda, ili kuinua katikati. Akakaza boliti, akaweka rula, akalegeza, akaongeza bati. Jioni ilipokaribia hakukuwa na mwanga hata wa unywele. Asubuhi wakawasha. Mashine ilinguruma vizuri, hata Msasa hakupata la kuisema. Kwa kuwa mbao za mlango ni ndefu na meza ya kutolea ilielekea kwenye mabanzi, binti aling'oa banzi moja ili ncha ya ubao ipite. Kupitia pengo hilo lilionekana benchi la baba mdogo, na kiwiko cha baba mdogo mwenyewe kikienda na kurudi.

Binti alisukuma ubao. Maranda yaliruka, ubao ukatoka laini kama kitambaa. Msasa akaweka rula juu ya ukingo wake, akatazama. Mwanga, katikati, mwingi kiasi cha kupitisha ukucha.

Alilaumu visu, wakavipanga upya. Akalaumu sakafu, wakaitia mashine kabari. Kila mara rula ilisema meza zimenyooka, na kila mara rula ilisema ubao una bonde. Msasa alipiga teke mguu wa mashine akaumia yeye. Kule penye pengo kiwiko kilikuwa kimesimama. Mtu alikohoa, na kikohozi chenyewe hakikuwa cha kifua.

"Baba," binti alisema, "rula inasema meza ziko sawa. Rula hiyohiyo inasema ubao hauko sawa. Kuna mmoja hapa anatudanganya."

"Mashine."

"Mashine inafuata ilivyoambiwa. Nani kaiambia?"

"Chunga mdomo wako. Rula ya babu yako haijadiliwi."

"Basi mimi sina la kujadili tena." Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya benchi. Aliikunja taratibu, na ule utaratibu ndio uliomtisha baba yake.

Msasa alitoka kwenda kumgombeza muuza vyuma. Ndivyo alivyokuwa, akitishwa lazima akatafute wa kumgombeza. Muuza vyuma alimsikiliza huku akila, akamwambia arudi na mashine akitaka, wapo watu wanaoisubiri. Alirudi karakana mikono mitupu na koo kavu. Aproni ilikuwa bado kwenye benchi. Binti naye alikuwa bado yupo, amesimama mbele ya ubao mweupe uliolala juu ya mashine, kalamu ya risasi mkononi, na rula ya marehemu, bila shuka, bila ruhusa, imelala kando yake.

"Nimechora mstari kwa kuifuata rula," alisema. "Kisha nikaipindua rula, uso wa juu ukalala chini, ukingo uleule, nikachora tena papo hapo. Kama imenyooka, mistari miwili inakuwa mmoja. Usitazame nilichochora mimi. Chora mwenyewe."

Alitaka kukataa. Lakini alikuwa seremala, na seremala aliye ndani yake alikuwa na kiherehere kuliko baba. Alichora. Akaigeuza rula, akaanzia nukta ileile, akamalizia nukta ileile, akikandamiza mpaka kalamu ikavunjika ncha na kuchongwa upya. Alipoinua rula, mistari ilikutana huku na kule, na katikati ilikuwa imeachana kama jicho lililofumbuka nusu.

Msasa alilitazama jicho hilo kwa muda. Alikumbuka mbao zote alizozipiga randa kwa kuifuata rula hiyo, kila moja ikiwa na tumbo katikati bila yeye kujua, kila jozi ikigusana kwa matumbo na kuachana miishoni. Alimkumbuka mdogo wake akirudishwa kwenye benchi siku kutwa, akilazimishwa kuharibu ubao uliokuwa umenyooka. Ungedhani mtu akifika hapo ananyenyekea. Msasa hakuwa mtu huyo. Alikwapua rula, akatoka nje, akaingia tena kwa mlango wa mbele, na kwa mara ya kwanza tangu mabanzi yapigiliwe akageukia kulia.

"Umeipinda lini?"

Mdogo wake hakuinua macho kutoka kwenye patasi aliyokuwa akinoa. Alikuwa mfupi kuliko Msasa, mnene kidogo, mtulivu wa ule utulivu unaoudhi. "Kaka, umefika. Karibu."

"Nimeuliza umeipinda lini."

"Ningeipinda lini, na wewe unalala nayo? Haikupindwa na mtu. Imelika. Baba alikuwa akikwangua gundi kavu kwa ukingo huo, hapo hapo katikati. Maisha yake yote. Ulikuwepo, tulikuwa wote tunamwona."

Ilikuwa kweli. Msasa alimwona baba yao pale, akiwa na afya yake, anakwangua mezani kwa rula huku akipiga mluzi, na gundi kavu ikidondoka. Alikuwa ameyaona hayo maelfu ya mara na hakuwahi kuyatazama.

"Siku ile ya milango," mdogo aliendelea, "nilikuwa nakwambia, 'Kaka, tuiangalie rula.' Nilifika kwenye 'kaka'."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na siku ya kugawana ulijua. Ukaniachia."

"Uliitaka." Sasa aliinua macho, na hayakuwa matulivu hata kidogo. "Uliitaka kuliko kitu chochote. Nikasema mwache aichukue, imfae. Mimi nikajinunulia uzi wa kupimia."

Msasa alimsogelea. Haijulikani angefanya nini, kwa kuwa alikuwa na kipande cha chuma mkononi na mwenzake alikuwa na patasi iliyotoka kunolewa. Lakini binti alikuwa amemfuata baba yake, na sauti yake iliwafikia kabla hawajafikiana.

"Na mimi je, baba mdogo?"

Wote wawili waligeuka.

"Baba alikuzaba kibao, sawa. Ulitaka kumkomoa, ukamkomoa. Mimi nilikukosea nini? Ulikuwa unapita pale mlangoni asubuhi unaniona nimeinama nasugua gundi. Ukaniambia benchi lako lina nafasi. Ungeweza kuniambia rula ina bonde. Ni maneno mangapi hayo?"

Baba mdogo aliiweka patasi juu ya benchi. "Ningekuambia ungemwambia."

"Ndiyo. Ningemwambia."

Msasa aliingilia kati, na aliingilia kwa ugomvi, maana hakuwa na kifaa kingine. Aliibwaga rula juu ya benchi la mdogo wake. "Basi chukua urithi wako. Ni ya baba yetu sote."

"Siitaki. Wewe ndiye mkubwa."

"Nakurudishia."

"Sipokei. Uliipigania, kaa nayo."

Rula ikasukumwa huku, ikasukumwa kule, watu wazima wawili wenye mvi wakiikwepa kama kaa la moto, kila mmoja akieleza kwa sauti inayopanda jinsi mwenzake anavyostahili zaidi kurithi. Wapita njia walisimama. Hatimaye binti alipita katikati yao, akaichukua rula, akaifunga kwenye jiriwa ya baba yake mdogo, na kushika msumeno wa chuma. Msasa alipiga hatua moja, kisha akasimama. Msumeno ulilia kwa muda mrefu, maana kilikuwa chuma cha zamani, kizuri. Nusu moja ilipoanguka sakafuni, hakuna aliyeiokota.

Binti aliiokota. Akampa kila mmoja chake. "Sasa mmegawana," alisema, na akatoka.

Msasa alimfuata huku amebeba nusu yake. Alimkuta anatoa vipande vya bati chini ya meza za mashine, kimoja kimoja, vyote alivyoviweka yeye. Alivuta uzi mwembamba kutoka mwisho hadi mwisho, akaukaza mpaka ukalia ulipoguswa, akaanza kupanga meza kwa kuufuata. Baba yake alisimama pembeni akiwa hana la kufanya, hali ambayo hakuizoea na iliyomfanya atake kulalamikia vumbi. Hakulalamika.

"Utahama?" aliuliza mwishowe.

"Nihamie kwa nani?" Hakumtazama. "Nilidhani kule kuna fundi mwingine. Kumbe kule nako ni wewe."

Alikaza boliti ya mwisho, akavaa aproni yake. Kabla ya kuwasha alimtazama baba yake kwa mara ya kwanza tangu watoke kule. "Kuanzia leo hii mashine anaipanga mtu mmoja. Ukiigusa spana naondoka, na siendi upande wa pili. Naenda moja kwa moja."

"Sawa," alisema Msasa. Lilikuwa neno fupi, na lilimuumiza kutoka.

Walipitisha ubao wa mlango. Msasa alisukuma pale alipoambiwa asukume, ncha ikaingia kwenye pengo la mabanzi na kuendelea upande wa pili, ndefu, ikianza kuelemea. Hakuna aliyeomba msaada. Mkono ulijitokeza, ukaishika ncha na kuibeba mpaka ubao ukamaliza kupita. Kisha sauti ikaja kutoka kule, kavu na yenye kinyongo kilekile cha siku zote.

"Ubao bado una mwanga kidogo. Upande wako, kaka."

"Hauna mwanga," alisema Msasa, na kwa mazoea ya miaka mingi akanyoosha mkono ukutani kuitafuta rula ili amthibitishie. Mkono ulikuta misumari miwili mitupu. Rula ilikuwa kwapani mwake, nusu yake, na nusu nyingine ilikuwa kule.

Akamgeukia binti yake. "Hebu tazama wewe," alisema.

Binti alizima mashine, akafumba jicho moja, akautazama ubao wote toka mwanzo hadi mwisho, wanaume wawili wakimsubiri pande mbili za mabanzi.